Fainali ya Berlin 2018: Austria ilivyotwaa kombe nyumbani kwa Wajerumani

Jumapili ya tarehe 11 Februari 2018, katika ukumbi wa Max-Schmeling-Halle jijini Berlin, dakika 40 za fainali ya Kombe la Dunia la mpira wa magongo wa ukumbini kwa wanaume zilimalizika Ujerumani 3, Austria 3. Ikabidi mshindi atafutwe kwa mchezaji mmoja mmoja dhidi ya kipa. Austria wakaweka 3, wenyeji wakaweka 2. Kombe likaondoka na nchi jirani iliyokuwa na watu wasiofika milioni 9 wakati ule, kwa mara ya kwanza katika historia yake.

Kila ninapoleta habari ya fainali hii mbele ya wenzangu wa magongo, hakosi mmoja wa kusema, "Ah, zile ni penalti tu, bahati ya siku." Najua neno hilo linatoka wapi. Mtu ameshaona timu bora ikilala kwa mikwaju mara ngapi? Lakini nikikipanga kisa hiki tangu mwanzo wake, sehemu ya bahati naiona ndogo. Waaustria walifika kwenye mikwaju ile wakiwa wamejiandaa kufika pale, na safari ya kuwafikisha ilikuwa imewachukua miaka.

Mchezo wenyewe

Afrika Mashariki tumezoea magongo ya nje. Kenya ilimaliza ya 4 katika Kombe la Dunia la kwanza, Barcelona 1971. Tanzania ilipeleka wanaume wake Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, na ingawa India iliwafunga 18–0, walikuwepo. Magongo ya ukumbini ni ndugu wa hayo tunayoyajua, ila tabia zake ni nyingine kabisa, na asiyezijua hawezi kuielewa fainali ya Berlin.

Uwanja ni sakafu ngumu yenye urefu wa mita 36 hadi 44 na upana wa mita 18 hadi 22. Kila timu ina watu 6 uwanjani, kipa akiwa mmoja wao. Goli lina upana wa mita 3 na kimo cha mita 2, na duara la kufungia lina nusu kipenyo cha mita 9. Kuchapa mpira hakuruhusiwi. Mpira unasukumwa tu, nao ni lazima utambae sakafuni. Ruhusa ya kuunyanyua ipo mahali pamoja pekee: ndani ya duara, unapolenga goli. Gongo lenyewe ni jembamba na jepesi kuliko la nje.

Halafu kuna ubao. Pande mbili ndefu za uwanja zimezungushiwa mbao za sentimita 10 kwa 10, zenye uso ulioinamia ndani kidogo, kwa hiyo mpira hautoki pembeni ovyo. Ubao huo ni kama mchezaji wa saba, na kwa asiyekuwa na mazoea nao, ubao humchezea mpinzani wake.

Hili la ubao nililielewa kwa mikono kabla ya kulielewa kwa kichwa. Tulikuwa tunawafundisha vijana katika ukumbi wa shule usiku wa mvua, nje hakuchezeki. Tukamwomba fundi seremala atuchongee mbao kadhaa, tukazilaza kandokando ya sakafu ya mpira wa kikapu na kuzikaza kwa mifuko ya mchanga. Vijana hodari wa uwanja wa nje, wale wanaochapa mpira ukavuka nusu ya kiwanja, walipotea kabisa. Wanausukuma mpira ubaoni kwa nguvu, unarudi miguuni mwao wenyewe au unamkuta mpinzani. Kisha binti mmoja mdogo wa umbo, aliyekuwa hapangwi nje kwa sababu hana nguvu ya kuchapa, akaanza kuutuliza mpira, anatazama, anausukuma ubaoni polepole kwa pembe anayoitaka, nao unatoka upande wa pili wa beki ukiwa umetulia kama umewekwa kwa mkono. Ndani ya nusu saa kila mtu alikuwa anamtafuta yeye ampe mpira. Nguvu ilikuwa imepoteza thamani, na jicho limepanda bei.

Ndiyo maana naukubali mchezo huu. Eneo likiwa dogo hivi, mbio ndefu hazina pa kukimbilia. Kikosi kizima cha mechi ni watu 12. Nchi kubwa inaweza kuwa na wachezaji elfu wa kuchagua, lakini sakafuni wanaingia 6, na nchi ndogo ikipata 12 waliokaa pamoja muda mrefu, wingi wa mwenzake haumtishi.

Mwalimu na wanafunzi

Uzito wa usiku ule haueleweki bila kujua Ujerumani ni nani katika jambo hili. Magongo ya ukumbini yalizaliwa Ujerumani katika miaka ya 1950, kwa sababu ya wazi kabisa: majira ya baridi viwanja vya nje vinaganda, na wachezaji walitaka kuendelea kucheza. Shirikisho la kimataifa, FIH, lilikuja kuzitambua kanuni zake mwaka 1968. Ubingwa wa kwanza wa Ulaya kwa wanaume ulichezwa Berlin hiyohiyo mwaka 1974, na Wajerumani wakauchukua. Hadi leo klabu za Ujerumani huacha nyasi bandia Desemba na kuingia ukumbini kwa ligi kamili, yenye mabingwa wake na mashabiki wake.

Kombe la Dunia la ukumbini lilipoanzishwa mwaka 2003 mjini Leipzig, Ujerumani iliifunga Poland 7–1 kwenye fainali. Vienna 2007, fainali ileile, 4–1. Poznań 2011, Poland wakiwa kwao, 3–2. Makombe matatu, fainali tatu, mpinzani mmoja, na pengo linapungua kila mara bila kuzibika. Nawasikitikia sana Wapoland katika habari hii, maana wao ndio walioonyesha kwamba Wajerumani wanafikika, na hawakuvuna matunda ya kazi hiyo.

Mwaka 2015 michuano ikarudi Leipzig. Safari hii Ujerumani haikufika fainali. Walioingia ni Uholanzi na Austria, na Uholanzi wakashinda 3–2. Bao moja. Austria walirudi kwao na medali ya fedha na bao moja la kulifikiria kwa miaka mitatu.

Sasa itazame Austria ya uwanja wa nje wakati huohuo. Agosti 2017, miezi sita tu kabla ya Berlin, timu yao ya wanaume ilicheza ubingwa wa Ulaya huko Amstelveen, Uholanzi, miongoni mwa timu nane bora za bara hilo, ikashushwa daraja. Kombe la Dunia la nje la 2018 lililochezwa Bhubaneswar, India, hawakuwemo. Olimpiki hawajaonekana kwa magongo tangu miaka ya 1950. Kwa kipimo cha nje ni nchi ya kawaida kabisa. Ukumbini ni watu wengine: walikwishatwaa ubingwa wa Ulaya mwaka 2010, na Januari 2018, wiki chache kabla ya Berlin, wakautwaa tena mjini Antwerp.

Hapo ndipo nadharia ya bahati inapoanza kunichosha. Timu iliyocheza fainali ya dunia iliyotangulia na kuikosa kwa bao moja, ikatwaa ubingwa wa Ulaya mwezi uliotangulia, inawezaje kuitwa ya kubahatisha?

Jambo la pili, na kwangu ndilo zito zaidi, ni mahali walikojifunza. Michael Körper, mpigaji wao wa kona za adhabu na mfungaji anayeogopwa, amecheza Harvestehuder, klabu ya Hamburg. Ligi ya Ujerumani imekuwa shule ya Waaustria wengi: lugha ni moja, safari ni fupi, na majira ya baridi wanaingia kumbi zilezile pamoja na wachezaji wa timu ya taifa ya Ujerumani. Kwa hiyo waliposimama Berlin, Wajerumani hawakuwa wageni kwao. Walijua nani anapenda kuutoa mpira kushoto, beki gani anashuka mapema, nani akibanwa kwenye ubao anageuka upande upi. Mwalimu alikuwa amewafundisha mwenyewe, na wao walihudhuria kila kipindi.

Ujerumani nayo haikuja kizembe. Moritz Fürste, bingwa wa Olimpiki wa Beijing 2008 na London 2012, mchezaji bora wa dunia wa mwaka 2012, alikuwa ameaga timu ya taifa baada ya shaba ya Rio 2016. Akarudi kwa ajili ya michuano hii peke yake, afunge maisha yake ya kimataifa kwa kombe nyumbani. Siku hiyohiyo ya fainali, wanawake wa Ujerumani waliifunga Uholanzi 2–1 na kuwa mabingwa wa dunia. Ukumbi ule unaochukua watu zaidi ya elfu nane ulikuwa tayari kusherehekea mara mbili.

Sare ile ilimfaa nani

Fainali hii naipima kwa swali moja: matokeo ya 3–3 baada ya dakika 40 yalikuwa yanamfaa nani?

Ujerumani ndio waliokuwa na mzigo. Mwenyeji, mwasisi wa mchezo, bingwa mara tatu, mbele ya watu wake, anatakiwa ashinde ndani ya muda. Kadiri dakika zinavyoyeyuka akiwa sare, kila pasi inakuwa nzito. Austria wao, kubaki hai tu kulikuwa kunawasogeza. Ukumbini timu yenye subira inaweza kufanya hivyo bila aibu yoyote: mnaupitisha mpira nyuma, mmoja anausukuma ubaoni, mwingine anaupokea, mnarudia, mnamngoja mpinzani atoke kwenye nafasi yake. Anayekosa uvumilivu anatoka kuufuata mpira, na akitoka mmoja kati ya watano, mlango umefunguka.

Kuna silaha mbili zinazoweza kuvunja subira hiyo. Ya kwanza ni kona ya adhabu. Mshambuliaji anausukuma mpira kutoka mstari wa goli, mita 6 kutoka mlingoti wa karibu. Kipa yuko golini, na wenzake watano wamejipanga nyuma ya mstari upande ule mwingine wa goli, mbali na mpira. Mpira unatoka nje ya duara, unatulizwa, unapigwa. Mambo haya yote hayazidi muda wa kuvuta pumzi mara mbili. Kwa sababu mpira unaruhusiwa kunyanyuliwa goli linapolengwa, mpigaji mwenye mkono kama wa Körper anaweza kuuweka juu begani mwa kipa au chini kwenye kona, na beki anayekimbia kumfuata ana hatua tatu au nne tu za kumwahi. Timu yenye mpigaji wa namna hiyo haihitaji kumiliki mchezo. Inahitaji mguu wa mpinzani uguse mpira ndani ya duara mara moja tu, mwamuzi anyooshe mikono.

Silaha ya pili ni kumtoa kipa. Kwa kanuni za wakati ule, timu iliyo nyuma iliweza kumpumzisha kipa na kuingiza mchezaji wa sita wa ndani, mmoja wao akibaki na haki za kipa. Ghafla mnakuwa sita dhidi ya watano, na mpinzani analazimika kurudi duarani mwake akae humo. Hatari yake inaonekana hata kwa mtoto: mpira ukipotea, goli lenu liko wazi mita 40 nyuma yenu. Ndiyo sababu dakika za mwisho za mchezo huu hazitabiriki, na ndiyo sababu kuongoza kwa bao moja ukumbini si kuongoza hasa. Kadi pia zinauma kuliko nje. Ya njano inakutoa dakika zisizopungua 2, na dakika 2 katika 40 ni nyingi mno.

Katika hali hiyo, sare dhidi ya Ujerumani, Berlin, si kazi ndogo. Ilitaka watu wasioshtuka wanapofungwa, wasiolewa wanapofunga. Mchezaji wa Austria Benjamin Stanzl na wenzake walikuwa na ukomavu huo, na haununuliwi wiki moja kabla ya michuano.

Mbele ya kipa Szymczyk

Kisha mikwaju. Tunaiita penalti kwa mazoea, lakini haifanani na ile ya mpira wa miguu. Mpira hauwekwi mbele ya goli upigwe mara moja. Mchezaji anaanza nje ya duara, filimbi inalia, anasonga na mpira huku saa ikikimbia, na kipa anatoka kumlaki. Sekunde chache tu. Ndani ya sekunde hizo mchezaji anaweza kugeuka, kurudi nyuma, kumzunguka kipa, kupiga akipanguliwa apige tena, mradi muda haujaisha. Ni pambano kamili la watu wawili.

Hebu likae akilini. Kipa wa ukumbini amevaa pedi nene miguuni, kofia ngumu yenye kinga ya uso, glovu kubwa kama mito. Sakafu haina majani, kwa hiyo akijilaza anateleza, na pedi zake zinakuwa ukuta unaosogea. Mshambuliaji hawezi kumpitishia mpira juu kabla ya kuingia duarani. Akiingia, kipa ameshaipunguza pembe, goli la mita 3 limebaki kama dirisha. Kipa anayekurupuka anazungukwa. Anayengoja mno anachaguliwa upande. Aliye bora anatoka hatua mbili, anasimama, anamlazimisha mwenzake aamue kwanza. Hapo si suala la kuruka kubahatisha kushoto au kulia. Ni ujuzi unaofanyiwa mazoezi, saa nyingi, katika ukumbi usio na mtazamaji.

Golini mwa Austria alikuwa Mateusz Szymczyk, kipa wa timu iliyokwishaiona fainali ya Leipzig ikiponyoka miaka mitatu nyuma. Kati yake na wapigaji wa Ujerumani hakukuwa na mgeni. Ujerumani wakaishia 2, Austria wakafika 3. Fürste akamaliza maisha yake ya timu ya taifa kwa fedha, katika ukumbi wenye jina la bondia Max Schmeling, yule aliyempiga Joe Louis mwaka 1936 wakati hakuna aliyempa nafasi, kisha akapigwa na Louis huyohuyo mwaka 1938 ndani ya raundi moja. Sioni fedheha yoyote kwa Fürste. Alirudi kwa hiari yake, kwenye mchezo usiokuwemo hata Olimpiki, kwa sababu aliupenda.

Michuano ile ilikuwa na jambo jingine ambalo halipewi heshima yake. Nafasi ya tatu ilikwenda kwa Iran, waliowapita Australia. Iran, ambayo katika magongo ya nje haitajwi kabisa miongoni mwa wakubwa, ikapanda jukwaani juu ya nchi yenye makombe ya dunia ya nje kabatini. Kwa hiyo pale Berlin, kati ya timu tatu za medali, mbili zilikuwa nchi zilizoufanya ukumbi kuwa nyumba yao kuu. Australia, kwa kulinganisha, ni nchi ya jua na viwanja vya nje mwaka mzima. Mimi hilo ndilo linalonifanya niwasumbue viongozi wetu wa magongo kila ninapowapata. Tuna kumbi za shule, kumbi za vyuo, sakafu za mpira wa kikapu zinazolala bure jioni. Uwanja mmoja wa nyasi bandia wenye kunyunyiziwa maji unagharimu fedha ambazo wilaya nyingi hazitaziona. Mbao za seremala tulizozilaza sisi zilinunuliwa kwa mchango wa wazazi.

Baada ya Berlin, Kombe la Dunia lililofuata lilipangwa Liège, Ubelgiji, mwaka 2021. Uviko ukalifuta. Kwa hiyo Austria walikaa na taji lao miaka mitano bila kulitetea, na nikasikia tena yale maneno: ngoja tuone wakirudi.

Walirudi Februari 2023, na safari hii michuano ilikuja Afrika kwa mara ya kwanza, katika ukumbi wa Heartfelt Arena jijini Pretoria. Fainali ilichezwa tarehe 11 Februari, miaka mitano kamili tangu Berlin. Upande wa pili walisimama Waholanzi, walewale waliowazidi kwa bao moja Leipzig. Muda wa kawaida ukaisha sare. Mchezaji mmoja mmoja akaanza tena kutembea na mpira kuelekea kwa kipa, saa ikikimbia, na Austria wakashinda tena.